Mfumo wa neva wa binadamu

Mfumo wa neva wa binadamu (huitwa pia mfumo wa fahamu) ni mfumo wa mwili unaopokea habari kutoka nje na ndani ya mwili, kuzichambua na kuviamuru viungo vifanye kazi. Umeundwa na ubongo, ugwe mgongo na neva zinazosambaa kutoka huko hadi sehemu zote za mwili. Kwa mfumo huo mtu huona, husikia, huhisi maumivu, hutembea, husema, hukumbuka na kufikiri. Kwa mfumo huohuo moyo hurekebisha mapigo yake, na mapafu huendelea kuvuta hewa hata mtu akiwa usingizini.

Seli za mfumo wa neva zina tabia moja inayozitofautisha na seli za ngozi, damu au ini: nyingi zikishakufa, mwili hautengenezi nyingine mahali pake. Jeraha la ngozi hufunga na mfupa uliovunjika huunga, lakini sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi. Ndiyo maana katika maradhi mengi ya neva muda ni jambo kubwa kuliko yote. Mengi huzuilika, na mengine hutibika yakiwahiwa, bali machache tu hurekebishika baada ya kuchelewa. Katika Afrika Mashariki, kama katika sehemu nyingine nyingi za dunia, kuchelewa huko kumechangiwa na imani kwamba kifafa, degedege au kupooza kwa ghafla ni kazi ya pepo au uchawi.

Majina

Katika Kiswahili cha kawaida neva huitwa "mishipa ya fahamu". Neno "mshipa" hata hivyo hutumika pia kwa mirija ya damu, kwa kano zinazounganisha misuli na mifupa, na hata kwa ngiri. Kwa sababu hiyo vitabu vya sayansi hupendelea neno "neva".

Vilevile "uti wa mgongo" na "ugwe mgongo" huchanganywa mara nyingi. Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Ugwe mgongo ni kamba laini ya tishu ya neva inayopita ndani ya tundu la pingili hizo. Mifupa ni ala, na ugwe ndio kilichohifadhiwa ndani yake.

Sehemu kuu

Mfumo wa neva hugawanywa katika sehemu mbili: mfumo wa neva wa kati, yaani ubongo na ugwe mgongo, na mfumo wa neva wa pembeni, yaani neva zote zilizo nje ya hiyo miwili.

Ubongo

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilogramu 1.3 hadi 1.4. Huo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili unahitaji wakati wa mapumziko. Hauna akiba ya maana ya chakula wala ya hewa. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika chache seli huanza kufa.

Ubongo umekingwa na fuvu, na chini ya fuvu kuna tando tatu ziitwazo meninji. Kati ya tando hizo kuna maji maangavu, kiasi cha mililita 150, yanayopunguza kishindo kichwa kinapogongwa. Maji hayo huzunguka pia ugwe mgongo. Kila siku mwili hutengeneza kama mililita 500 za maji hayo, na kiasi kilekile hufyonzwa na kurudi kwenye damu.

Sehemu kuu za ubongo ni tatu:

Ubongo mkubwa una nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia huongoza upande wa kushoto. Sehemu yake ya nyuma hushughulikia kuona, sehemu za ubavuni kusikia na kumbukumbu, sehemu ya juu hisia za ngozi, na sehemu ya mbele miendo, mipango na kujizuia. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa maneno ya wengine lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka silabi moja tu. Baada ya mgonjwa huyo kufa, ilionekana kwamba ubongo wake ulikuwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Huo ulikuwa ushahidi muhimu kwamba kazi mbalimbali zina mahali pake katika ubongo.

Ubongo mdogo uko kisogoni, chini ya ubongo mkubwa. Hulinganisha miendo ya misuli na kutunza msawazo. Mtu aliyelewa huyumba na kushindwa kugusa pua yake kwa kidole kwa sababu pombe huvuruga sana sehemu hiyo.

Shina la ubongo huunganisha ubongo na ugwe mgongo. Ndilo linaloongoza kupumua, mapigo ya moyo, kumeza na kuwa macho. Jeraha dogo mahali hapo linaweza kuua hata kama sehemu nyingine zote za ubongo ni nzima.

Ugwe mgongo

Ugwe mgongo una urefu wa takriban sentimita 45 na unene kama wa kidole kidogo. Hupeleka habari za hisia ubongoni na kushusha amri kwenda kwenye misuli. Haufiki mwisho wa uti wa mgongo, bali huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna mashada ya neva yanayoelea katika maji. Ndiyo maana mganga anapotaka kupima maji ya mgongo huchoma sindano chini ya mahali ugwe unapoishia. Hofu ya wazazi wengi kwamba kipimo hicho kitampooza mtoto haina msingi, na kukikataa kumechelewesha matibabu ya watoto wengi.

Ugwe ukikatika, sehemu zote zinazohudumiwa na neva zilizo chini ya jeraha hupoteza hisia na mwendo. Jeraha la shingo hupooza mikono na miguu, na jeraha la mgongo hupooza miguu. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe, au aliyepata ajali ya pikipiki au gari, asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Hubebwa na watu kadhaa kwa pamoja juu ya ubao au kitu kigumu, kichwa, shingo na mgongo vikiwa katika mstari mmoja. Pingili iliyovunjika inaweza kuwa bado haijaugusa ugwe, na kubebwa vibaya ndiko kunakoweza kuukata.

Neva za pembeni

Jozi 12 za neva hutoka moja kwa moja ubongoni na kuhudumia hasa macho, masikio, pua, ulimi na uso. Jozi 31 nyingine hutoka kwenye ugwe mgongo. Neva nyingi zimefichwa ndani ya misuli, lakini moja hupita chini ya ngozi nyuma ya kiwiko. Ndiyo inayosababisha mshtuko kama wa umeme hadi kidole kidogo kiwiko kinapogongwa.

Baadhi ya neva huendesha viungo bila hiari ya mtu, nazo ni za makundi mawili. La kwanza huuandaa mwili kwa hatari: moyo huenda mbio, mboni hupanuka, jasho hutoka na mate hukauka. La pili huurudisha mwili katika utulivu na kuendesha usagaji wa chakula. Mwanafunzi anayekaukwa na mdomo mlangoni mwa chumba cha mtihani yuko chini ya kundi la kwanza.

Seli neva

Seli neva, au nyuroni, ina kiini katika mwili wake, matawi mafupi yanayopokea ujumbe yaitwayo dendriti, na uzi mrefu unaopeleka ujumbe uitwao aksoni. Aksoni nyingine, kama zile zinazotoka mgongoni hadi nyayoni, huweza kupita urefu wa mita 1. Nyingi zimefunikwa kwa ala ya mafuta iitwayo mielini, inayoharakisha ujumbe. Ubongo wa binadamu unakadiriwa kuwa na seli neva bilioni 86, pamoja na seli saidizi zinazozilisha na kuzilinda.

Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walibishana kama seli hizo zimeungana kuwa wavu mmoja au kila moja imejitenga. Mwitalia Camillo Golgi alivumbua njia ya kuzitia rangi ili zionekane kwa hadubini, naye alishikilia hoja ya wavu. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alitumia njia hiyohiyo akafikia hoja ya pili. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, ingawa hawakukubaliana. Utafiti wa baadaye ulithibitisha maoni ya Cajal.

Jinsi ujumbe unavyosafiri

Ndani ya seli neva ujumbe husafiri kwa njia ya umeme hafifu, unaotokana na chembe za sodiamu na potasiamu kuvuka utando wa seli. Aksoni nene zenye mielini hupeleka ujumbe kwa kasi inayofika mita 120 kwa sekunde, na zile nyembamba zisizo na mielini hazizidi mita 2 hivi kwa sekunde. Mtu anapojikwaa kidole cha mguu huhisi kwanza maumivu makali ya ghafla, kisha, baada ya kitambo kidogo, maumivu mazito yanayodumu. Hayo ni maumivu ya jeraha moja yanayofika kwa njia mbili zenye kasi tofauti.

Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana uitwao sinapsi. Hapo ujumbe huvushwa kwa kemikali. Mwaka 1921 Otto Loewi alichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa chura, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyaweka kwenye moyo wa chura mwingine. Huo nao ukapunguza mapigo, ingawa neva yake haikuguswa. Kemikali iliyofanya hivyo ni asetilikolini. Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ujuzi huo unahusu pia shambani. Baadhi ya dawa za kuua wadudu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini baada ya kazi yake kwisha. Mkulima anayezinyunyiza bila kujikinga, au mtoto anayezinywa kutoka chupa ya soda, hutokwa na mate na jasho jingi, mboni zake husinyaa, misuli hutetemeka na pumzi hubana. Hatua ya kwanza ni kumwondoa kwenye sumu, kumvua nguo zilizolowa, kumwosha kwa sabuni na kumpeleka hospitali, ambako dawa ya atropini inaweza kumwokoa.

Kitendo cha ghafla

Mkono unapogusa sufuria ya moto hurudi nyuma kabla mtu hajahisi kuungua. Ujumbe wa hatari huingia kwenye ugwe mgongo, na amri ya kuondoa mkono hutoka papo hapo bila kusubiri ubongo. Habari za maumivu hufika ubongoni baadaye kidogo. Daktari anapogonga chini ya goti kwa nyundo ndogo huchunguza njia ya namna hiyohiyo. Mguu usiporuka kabisa, au ukiruka kupita kiasi, hupata dalili ya mahali kasoro ilipo.

Maradhi

Kiharusi

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na bonge la damu au unapopasuka. Sababu kuu ni shinikizo la juu la damu, ambalo kwa kawaida halina maumivu wala dalili, hivyo hujulikana kwa kupimwa tu. Dalili za kiharusi ni uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, na usemi kukwama. Katika kiharusi cha kuziba kwa mshipa mkubwa, inakadiriwa kwamba seli neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Mgonjwa aliyepelekwa kwanza kupungwa au kuchuliwa huwa ameupoteza muda huo. Baada ya hapo tegemeo ni mazoezi ya viungo, ambayo husaidia sehemu nzima za ubongo kujifunza kazi za zile zilizokufa.

Kifafa

Kifafa ni hali ya kupatwa na mishtuko ya mara kwa mara kwa sababu kundi la seli za ubongo hutoa umeme mwingi kwa wakati mmoja. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nacho. Huweza kutokana na jeraha la kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula au maji machafu na kujenga vifuko ubongoni. Mara nyingi chanzo hakijulikani.

Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa povu. Hofu ya kuambukizwa imeumiza watu: kuna walioanguka motoni jikoni wakaachwa waungue kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwagusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanganyika, ambako alikuta wagonjwa wengi wametengwa na wenye makovu ya moto. Alitumia hasa fenobabitali, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila mishtuko wakipata dawa zinazofaa. Dawa hizo humezwa kila siku, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta mishtuko mikali zaidi.

Mtu anayeshikwa na kifafa aondolewe vitu vigumu na moto karibu naye, awekewe kitu laini chini ya kichwa, na mishtuko ikipungua alazwe ubavu. Asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na asibanwe. Mshtuko ukizidi dakika 5 apelekwe hospitali.

Degedege

Degedege ni mishtuko ya mtoto mdogo mwenye homa. Katika pwani ya Tanzania imewahi kuaminiwa kwamba huletwa na pepo mwenye umbo la ndege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kinyume chake ndicho kweli. Mishtuko inaweza kuwa dalili ya malaria kali, ambamo chembe za damu zenye vimelea huziba mishipa midogo ya ubongo, au ya homa ya uti wa mgongo, yaani uambukizo wa tando za ubongo. Yote mawili yanatibika, lakini huweza kuua au kuacha uziwi, kifafa au kupooza ndani ya muda mfupi.

Pepopunda, kichaa cha mbwa na polio

Pepopunda husababishwa na bakteria wa udongoni wanaoingia kwenye kidonda au kitovu cha mtoto mchanga. Sumu yao huzuia kemikali zinazotuliza misuli, hivyo taya hufunga na mgongo hupinda. Jina lina neno pepo, lakini chanjo ndiyo inayoukinga: mama mjamzito akichanjwa humkinga pia mtoto wake.

Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kupitia neva kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki au miezi, na ndiyo nafasi ya kumwokoa mtu. Jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha chanjo huanza mara moja. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa.

Polio huua seli neva zinazoongoza misuli, hasa kwa watoto. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020, kazi ya miaka mingi ya chanjo.

Konzo

Konzo ni kupooza kwa miguu yote miwili kunakotokea ghafla na kudumu maisha yote. Jina linatoka katika Kiyaka cha Kongo na lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipooza katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 ulitokea mlipuko wilayani Tarime, Tanzania. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa.

Chanzo chake ni kula muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu ya sianidi vizuri, pamoja na upungufu wa protini katika chakula. Hutokea wakati wa ukame au vita, njaa inapowalazimisha watu kufupisha siku za kuvundika na kukausha muhogo. Sumu huharibu njia za neva zinazoshuka kutoka ubongoni kwenda miguuni. Hakuna dawa inayozirudisha. Kinga ni kuvundika muhogo kwa siku kadhaa kabla ya kuukausha. Njia nyingine ni kuchanganya unga na maji, kuutandaza kwa unene mdogo kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke hewani, kisha kupika ugali siku hiyohiyo. Kunde, samaki au mayai pamoja na ugali husaidia mwili kuiondoa sumu iliyobaki.

Maradhi mengine

Ukoma hushambulia neva za mikono, miguu na uso. Vidole havianguki kwa ugonjwa wenyewe, bali hupotea kidogo kidogo kwa majeraha na kuungua ambako mgonjwa hakuhisi. Unatibika kabisa, na dawa hutolewa bure. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huua hisia za nyayo, hivyo mgonjwa anapaswa kuchunguza miguu yake kila siku.

Mgongo wazi hutokea mrija unaojenga ubongo na ugwe usipofunga katika wiki 4 za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Kwa hiyo asidi ya foliki inafaa kuanza kutumiwa kabla ya kushika mimba. Kichwa kikubwa ni matokeo ya maji ya ubongo kukosa njia ya kutoka. Upasuaji wa mapema huokoa ubongo wa mtoto.

Uzeeni hutokea ugonjwa wa Parkinson, unaoleta mtetemo na ukakamavu kwa sababu seli zinazotoa dopamini zinakufa, na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu. Hakuna tiba inayoyaponyesha, ingawa dawa hupunguza dalili. Mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake au kusahau majina ya wanawe huwa mgonjwa. Kumshuku kuwa mchawi ni kumwongezea mateso.

Tazama pia

Ubongo
Uti wa mgongo
Kifafa
Kiharusi
Konzo
Malaria